Marehemu Chumbani Kwangu

Jumatatu, 2 Machi

Wameingia saa moja asubuhi, watu kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyefuta miguu. Nilikuwa nimeweka tambara jipya mlangoni. Mwongozaji wao, mwanamke mwenye mabuti ya mpira na sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa, alilisogeza kando kwa ncha ya buti. "Rangi yake inapiga kelele," akasema. Mimi nilikuwa sista mkuu wa wodi ya wanaume miaka ishirini na sita mpaka nikastaafu, nimesikia wanaume wazima wakipiga kelele kwa kila sababu iliyopo duniani. Sijawahi kusikia tambara.

Aliyewaleta ni kitindamimba wangu. Ameandika filamu. Miezi miwili mizima amenikalia kooni: "Mama, nyumba yako ndiyo yenyewe. Mwezi mmoja tu, halafu kampuni inakutengenezea paa lote." Nimekubali kwa sababu ya paa.

Nilimuuliza filamu inahusu nini. Ni ya kuchekesha, anasema, ila kicheko chake kichungu. Watoto wanakusanyika kwa mama yao kula sikukuu. Asubuhi mama anakutwa amekufa kitandani, na kabla hata daktari hajaitwa wanaanza kugombea vyombo. Kumbe mama hajafa. Amejilaza tu apate kusikia watasema nini.

"Nani atakaa chini kuangalia kitu hicho?"

"Watu, Mama. Watu wanacheka mambo hayo."

"Watu wagonjwa," nikamwambia.

Daftari hili nimelianzisha niandike kila wanachoharibu, kama kitabu cha ripoti cha wodini. Leo: mpini wa mlango wa jikoni, na mkwaruzo ukutani, urefu wa kiganja.

Jumanne, 3 Machi

Sebule imejaa balbu za rangi, maputo na riboni za karatasi. Ndani ni sikukuu, nje mvua inapiga. Balbu zinawaka na kuzimika, zinawaka na kuzimika, mpaka kichwa kimeniuma. Nikaomba zizimwe. Jibu: zisizimwe, ndiyo kichekesho chenyewe, mama amekufa na hakuna anayekumbuka kuzima balbu.

Alhamisi, 5 Machi

Amekuja anayeigiza mama. Miaka arobaini yuko jukwaani, wote wanamwita Malkia, na yeye anaitikia bila haya. Ni rika langu. Nimemkuta amesimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia, mikono nyuma, ananitazama.

"Umepoteza kitu?"

"Hapana. Natazama unavyokunja taulo."

"Kwani kwenu hazikunjwi?"

"Zinakunjwa," akasema. "Ila wewe unakunja kama unazikomesha."

Nikamfungia mlango.

Ijumaa, 6 Machi

Paa linavuja sehemu tatu. Nikaweka ndoo. Mwongozaji akaja akasikiliza matone, macho yakamwaka, akaagiza ndoo zibaki ziingie kwenye picha. Kwa hiyo paa nililoahidiwa litazibwa sasa linatakiwa livuje.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Wamevunja kikombe. Si cha kwao.

Jumatano, 11 Machi

Anayeigiza mtoto mkubwa wanamwita Kibonge. Ukimkuta ameketi peke yake utadhani ametoka kuzika. Hasemi na mtu, anakula mayai ya kuchemsha, anatazama ukuta. Lakini leo kamera ilipowashwa nilimwona akilia juu ya friji langu. Amelikumbatia, machozi ya kweli yanamtoka, "Mama, Mama yangu," na huku mkono mmoja unapima upana wake kwa shibiri kama litapita mlangoni kwake. Na kila akifika nusu kilio kinampotezea hesabu, anaanza upya.

Nilikuwa stoo. Nilijiziba mdomo kwa kanga. Nimecheka mpaka nikashika rafu. Nimejikasirikia mchana kutwa.

Alhamisi, 12 Machi

Leo walipiga picha ya maiti, chumbani kwangu, kitandani kwangu. Nilikuwa nimeapa sitakanyaga. Nikapita tu kwenye ujia, na mlango ulikuwa wazi.

Malkia amelazwa, poda ya kijivu usoni, mikono imefumbatwa kifuani kama anasali, mdomo umefungwa vizuri, shuka limevutwa mpaka kidevuni. Watu wote kimya, wameridhika. Nilijizuia. Nilihesabu mpaka tano.

"Huyo hajafa," nikasema.

Mwongozaji akageuka. "Samahani, Mama?"

"Huyo amelala usingizi wa mchana. Aliyekufa mwenyewe usiku hafumbati mikono, nani amfumbatie? Taya inaanguka. Kichwa kinalegea upande mmoja. Na miguu haisimami namna hiyo, vidole vinaangukia nje." Nikaingia, nikamshika kidevu nikakishusha. Nikamgeuza kichwa. Nikamwachia mkono ukaning'inia. Nilifanya vile nilivyofanya mara mia wodini, haraka, bila kufikiri, mpaka nilipohisi mshipa wa shingo yake ukinipiga vidoleni nikakumbuka kwamba yuko hai.

Alikuwa ananitazama kwa jicho moja. "Mikono yako baridi, Sista," akanong'ona.

"Maiti haisemi," nikamwambia, na chumba kizima kikacheka. Sikuwa nimekusudia kuwachekesha.

Mwongozaji ameniuliza kama nitakubali kuwepo kila wanapopiga picha chumbani, nisaidie mambo ya ufu. Nimekataa. Kisha nimesema nitapita tu, nione godoro langu linavyotendewa.

Jumamosi, 14 Machi

Nimesikia maneno yangu mdomoni mwa mtu mwingine. Malkia alikuwa jikoni, picha ya siku iliyotangulia kifo, watoto wanambembeleza auze nyumba. Akafuta meza taratibu, akasema bila kunyanyua uso, "Mimi sijakasirika. Nikikasirika mtajua."

Nikamvuta kitindamimba nyuma ya nyumba, kwenye mvua.

"Hilo neno langu."

"Mama, kila mama anasema hivyo."

"Mama yupi? Nitajie mmoja."

Akatazama viatu vyake. Ana miaka ishirini na sita, na anapodanganya bado anatazama viatu.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Sijasema na mtu.

Alhamisi, 19 Machi

Nimetoka bafuni nikaona mgongo wangu ukitembea kwenye ujia. Gauni kama langu, kitambaa kama changu, na lile bega la kushoto ninalolipandisha tangu nilipoumia nikimnyanyua mgonjwa. Alikuwa Malkia. Vijana wa taa walikuwa wanamfuata kwa macho na kucheka kichinichini. Waliponiona mimi nyuma yake wakaanza kukunja nyaya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Basi ndivyo ninavyoonekana. Bata mwenye cheo.

Jumatatu, 23 Machi

Mwandiko wa leo ni mbaya na sitaki mtu aseme ni uzee.

Leo walifanya mazoezi ya picha kubwa. Nilidhani filamu ina watoto wawili. Kumbe yuko wa tatu, binti, aliyefukuzwa nyumbani miaka mingi. Anasikia mama amekufa, anakuja na mkoba wake mgongoni, anaingia chumbani peke yake na kufunga mlango. Kule sebuleni Kibonge na mdogo wake wanagombea kochi. Anayeigiza binti ni mwembamba, shingo ndefu. Akapiga magoti kando ya kitanda changu, akashika ncha ya shuka, akaanza kumwambia maiti.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na mashuka safi mkononi.

"Ulinifungia mlango, na Baba yumo ndani anaumwa. Nikawa nakuja kila jioni nasimama ng'ambo ya barabara, natazama dirisha lake. Siku ya tisa nikakuta dirisha limefunguliwa lote, mapazia yamefungwa fundo juu. Ulinifundisha mwenyewe: mtu akifa wodini, fungua dirisha kwanza, halafu andika saa. Hukuniambia Baba amekufa, Mama. Dirisha ndilo lililoniambia."

Mashuka yaliniponyoka.

Sasa niandike, maana nisipoandika hapa sitaandika popote. Nina binti. Ana miaka thelathini na minne. Nilimwingiza chuo cha uuguzi kwa kuwapigia magoti watu ambao nisingewapa hata maji. Mwaka wa mwisho akaacha. Alikuja kuniambia mkesha wa sikukuu, miaka kumi na miwili iliyopita, mume wangu yuko kitandani hajijui sawasawa, na mimi nimetoka zamu mbili mfululizo. Alisema hawezi kazi ile, anaota wafu. Nikamwambia wanaoota wafu walale kwingine. Nikautoa mkoba wake nje, nikafunga mlango. Baba yake alikufa siku ya tisa. Sikumwita. Nilijiambia sijui alipo. Kitindamimba alikuwa na miaka kumi na minne, ameketi ngazini, akatazama yote.

Ya dirisha sitayaandika.

Mazoezi yalipokwisha nilimwita kitindamimba chumbani. Wengine walitoka, isipokuwa Malkia, alikuwa kwenye kiti pembeni akifuta poda ya maiti, na mimi sikumjali.

"Yale maneno umeyatoa wapi?"

Akaketi kitandani. "Kwake."

"Kwake wapi?"

"Mama, tunaonana. Tangu nikiwa shule. Kila mwezi." Alianza kulia kama mtoto, mikono magotini. "Nilimuuliza: Mama akifa leo, utamwambia nini? Akanieleza. Nikaandika. Sikubadilisha hata neno."

"Miaka kumi na miwili unakula chakula changu na siri yake tumboni."

"Ningekuambia lini? Ukisikia jina lake unatoka chumbani!"

"Na ukaona bora uwaambie watu wote. Wacheke."

"Niliona bora wewe usikie!" akapiga kelele. Hajawahi kunipigia kelele. "Hukai kusikiliza mtu mpaka afe!"

Akatoka. Shuka pale alipokaa lilikuwa limekunjamana. Nikalinyoosha. Nikachomeka pembe chini ya godoro. Nilipogeuka Malkia alikuwa bado kwenye kiti, pamba mkononi, nusu ya uso wake hai na nusu maiti.

"Na wewe toka," nikamwambia.

Jumanne, 24 Machi

Nimefunga geti kwa kufuli mbili. Walifika saa moja, wote kumi na tisa, mvua ya mawe. Nikakaa dirishani nikawatazama. Mwongozaji alinguruma, akabembeleza, akanguruma tena. Akasema kuna mkataba. Nikamwambia anisomee kifungu kinachosema marehemu alale kitandani kwangu na kunitukana. Kibonge alisimama chini ya mwavuli akila yai, kimya, maji yanampita viatuni.

Saa sita wakaondoka.

Jumatano, 25 Machi

Geti limefungwa. Simu nimezima. Balbu zao bado zinawaka sebuleni, sijui swichi iko wapi.

Alhamisi, 26 Machi

Malkia amepita uani kwa jirani, akaruka michongoma, umri ule. Nimemkuta mlango wa jikoni, gauni limechanika, damu kwenye muundi.

"Ukiniambia nitoke nitatoka," akasema. "Lakini nifunge kwanza hili jeraha, wewe si sista?"

Nikamkalisha. Nikamsafisha kwa dawa, na ilipomwasha sikumwonea huruma. Hakusema "aa."

"Sijaja kukuomba radhi," akasema. "Kazi yangu ni kuiba. Naiba mwendo wa watu, naiba midomo yao."

"Mwizi akikiri haachi kuwa mwizi."

"Sawa. Basi nijibu swali moja la mwizi. Mwanao ameandika kwamba binti akimaliza kusema, mama anapiga chafya, siri inafichuka, watu wacheke. Nimelala pale mara nne kwenye mazoezi na chafya hainitoki. Ni uongo. Angekuja kweli yule binti, wewe umelala, yeye anadhani umekufa, akasema yale. Ungefumbua macho?"

"Ningefumbua."

Nikaendelea kufunga bendeji. Mvua ilikuwa imepungua, matone yanagonga ndoo moja moja.

"Nimekufa jukwaani mara kumi na moja," akasema, "na kila mara kuna mtu kiti cha mbele anayejua kwamba napumua. Mimi na wewe hatuwezi kudanganyana."

"Nisingefumbua," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikifumbua itabidi nijibu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyoitegemea. Akashusha gauni. Mlangoni akageuka.

"Fungua geti, Sista. Kibonge ana mafua."

"Simpendi mtu yeyote kati yenu," nikamwambia.

"Sisi pia hatukupendi. Kesho saa moja?"

Jumamosi, 28 Machi

Jana walipanga taa. Leo wamepiga picha.

Nilisimama nyuma ya kamera, mahali aliponionyesha mwongozaji. Hakunitazama usoni. Kitindamimba alikuwa dirishani, amenipa kisogo.

Binti mwenye shingo ndefu akaingia. Akafunga mlango. Kutoka sebuleni tunamsikia Kibonge akiapa kwamba kochi aliahidiwa yeye tangu utotoni. Binti akapiga magoti, akashika ncha ya shuka, akasema yote. Mazoezini alikuwa amelia. Leo hakulia hata kidogo. Alisema kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyoibiwa, na ilikuwa mbaya zaidi. Alipofika kwenye dirisha alikuwa analivuta shuka bila kujua, linakuja kwake, linakunjamana ngumi nzima. Halafu akaweka paji la uso kitandani, mkono wake umebaki wazi juu ya shuka, akanyamaza.

Tulingoja chafya.

Mkono wa maiti ukatoka. Taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Uso haukutikisika, taya imeanguka upande, vilevile nilivyoiweka mimi. Mkono ukatambaa juu ya shuka kuuelekea mkono wa yule mtoto. Ukafika. Ukaupita. Ukapita pembeni yake, upana wa kidole usizidi, ukashika pale shuka lilipokunjamana, ukalinyoosha. Ukalipangusa mara mbili. Ukaichomeka pembe chini ya godoro, pembe ya hospitali, kali kama bahasha. Kisha ukarudi mahali pake ukafa.

Mlangoni Kibonge, aliyekuwa ameingia kuulizia taa ya mezani, alikuwa ameona. Mdomo ulifunguka, haukutoa kitu. Akaanguka chali, wima, kama kabati, na taa mkononi.

Chumba kikapasuka. Vijana wa taa walicheka mpaka wakakaa chini. Mwongozaji alijiuma ngumi asiharibu sauti. Na mimi nilicheka, sitadanganya, kicheko kilinitoka kabla sijajua kinatoka wapi. Kisha nikaona ule mkono wa binti. Bado ulikuwa juu ya shuka, wazi, haujaguswa. Shuka linang'aa kote limenyooka, na mkono uko katikati yake kama kitu kilichosahauliwa na mtu aliyetandika.

Mwanangu aliukunjamanisha ule upande wa kitanda kwa kilio, Jumatatu, na mimi sikumshika. Nilinyoosha shuka.

Niliacha kucheka. Nikaona kitindamimba amegeuka kutoka dirishani, hacheki, ananitazama mimi.

"Kata," mwongozaji akasema. Ilikuwa sauti ndogo kabisa.

Malkia akaketi kitandani, akajifuta mate ya pembe ya mdomo. Hakuuliza kama ilikuwa nzuri. Alitafuta uso wangu, akaupata, akageukia pembeni.

Alhamisi, 2 Aprili

Wameondoka. Hakuna aliyeniaga isipokuwa Kibonge, aliyesema friji langu lilikuwa mwigizaji mwenzake bora tangu aanze kazi. Sijui kama ni mzaha, uso wake hausemi.

Vilivyoharibika: mpini, ukuta, vikombe vitatu, pazia moja, michongoma ya jirani.

Ijumaa, 10 Aprili

Mafundi wa paa wamekuja. Wamegonga mchana kutwa. Mvua imegoma kunyesha, sasa sitajua kama wamefanya kazi au wamenichezea.

Jumamosi, 18 Aprili

Kitindamimba amekuja na kompyuta. Hatukuwa tumesema tangu ile Jumatatu ya mazoezi. Akaiweka mezani, akasema bado haijakamilika, muziki haujawekwa. Tukaangalia, mimi kwenye kiti changu, yeye akiwa amesimama kama anangoja matokeo ya mtihani.

Ilipokwisha akasubiri.

"Hadithi yako ina matundu kuliko paa langu," nikamwambia. "Daktari haitwi asubuhi nzima, kwa nini? Jirani anakuja na maputo mara tatu, kufanya nini? Na mwisho wake umeharakisha kama unayekimbilia choo."

"Ndiyo, Mama."

"Waigizaji wamekubeba mgongoni. Yule mnene amekubeba, yule binti amekubeba. Yule mama yao…" Sikuimaliza. "Bila wao ungekuwa na balbu tu."

"Najua."

Nikainuka kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyataka. Nikiwa nimempa mgongo nikamuuliza, "Dada yako ameiona?"

"Kile kipande cha kitandani tu."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Alicheka, Mama, mpaka akatoka nje. Alikaa huko muda mrefu."

Maji yakachemka. Nikazima.

"Anafanya kazi gani siku hizi?"

"Anafundisha watu kuendesha gari."

"Yeye? Baiskeli yenyewe ilimshinda."

Mwanangu akacheka kidogo, puani, cheko la baba yake. Akachukua kalamu akaandika namba ya simu ya chuo chake cha udereva pembeni ya gazeti. Hakuniambia niipige.

Jumapili, 19 Aprili

Sijapiga.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimepiga. Akapokea karani. Nikasema nataka somo la kwanza. Akauliza umri, nikamwambia miaka sitini na saba, akaniomba niirudie, akauliza kama nina mwalimu ninayemtaka. Nikamtaja.

Ijumaa, 24 Aprili

Chuo ni chumba kimoja chenye picha za alama za barabarani, na uwanja nyuma wenye vigari vitatu. Nilifika nusu saa kabla. Akatoka na karatasi mkononi, akiita jina bila kutazama watu, kama karani yeyote. Aliliita, sauti ikamkatika katikati. Ni jina la baba yake, tunalitumia sote wawili. Ndipo akanyanyua macho.

Amenenepa. Amekata nywele. Ana mstari hapa katikati ya nyusi, ninao mimi.

Nilidhani atarudi ndani. Wenzake walikuwa wanatazama. Akatazama karatasi tena, akatazama saa ya ukutani.

"Gari namba mbili," akasema.

Tukaingia. Gari linanuka sigara za mtu mwingine. Upande wake una breki yake na klachi yake, kama mtu asiyemwamini mgonjwa kujinywea dawa. Akanielekeza kiti, vioo, gia, kwa sauti bapa. Nikasema, "Nilikuja kwa sababu—"

"Mwanafunzi hazungumzi gari likitembea. Funga mkanda."

"Halitembei."

"Washa, litembee."

Likaruka kama chura. Likazima. Nikawasha, likaruka tena. Mara ya nne likakubali, tukatoka uwanjani kwenye barabara ya nyuma, mwendo wa mtu anayetembea na fimbo. "Polepole. Nimesema polepole. Usiushike usukani kama unauadhibu. Legeza mabega. La kushoto hilo, lishushe." Maisha yangu yote hakuna aliyeniamuru hivi, isipokuwa madaktari, na hao nilikuwa nawasahihisha. Leo nilitii. Sikuwa na la kufanya, sijui gari.

Tulipomaliza mzunguko wa pili nikasema, macho barabarani, "Nilikuwa nakuona."

Akatazama kioo cha nyuma.

"Kila jioni. Ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha duka la vioo. Siku ile nilipofunga mapazia fundo nilijua uko pale. Sikufungua dirisha kwa ajili ya baba yako peke yake. Nilitaka ujue na sikutaka kuja kukuambia."

Gari likasimama ghafla, kifua changu kikapiga mkanda. Alikuwa amekanyaga breki yake. Nyuma yetu mtu akapiga honi, akapiga tena, akatupita akitukana. Binti yangu alikuwa anatazama mbele, taya zinacheza.

"Nilijua unaniona," akasema. "Ulilisogeza pazia siku ya tatu. Nikawa nangoja ushuke. Hatua arobaini, Mama, nilizihesabu. Nilingoja siku sita ushuke hatua arobaini."

"Nilikosea."

Ilinitoka kwa sauti ile ninayoagizia dawa, kavu, sina nyingine. Nikamgeukia niiseme vizuri.

"Angalia mbele," akasema.

Nikaangalia mbele.

Mkono wake ulikuwa kwenye gia, wangu kwenye usukani. Nilitaka kuutoa mkono wangu niuweke juu ya wake. Nikautoa. Nikauweka. Ulikuwa wa moto, wenye jasho, na haukuondoka, ingawa haukugeuka pia. Tukakaa hivyo mpaka gari lingine likatupigia honi.

"Gari limezima," akasema. "Klachi mpaka chini. Washa upya."

Nikawasha. Tukarudi uwanjani na saa yangu ikawa imekwisha. Akachukua karatasi yake, akaandika muda mrefu, akiwa ameinama.

"Hujui kuendesha," akasema. "Hujui hata kidogo. Utahitaji masomo mengi."

"Mangapi?"

"Sijui. Wengine huwa hawajifunzi." Akafungua mlango wa upande wake, mguu mmoja nje. "Jumanne, saa nne. Ukichelewa sikungoji."

Nitafika saa tatu.